Kitabu cha Nyakio

Nabalayo aliapa kwamba hakuna yaya mwingine atakayeingia nyumbani mwake kwa mkono wa mzee Odero, na kiapo hicho alikila hadharani, pale bombani, ndoo yake ikifurika na wanawake wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wakingoja zamu zao. Odero alikuwa nyapara mstaafu wa reli ambaye, badala ya kurudi kwao akafuge kuku, alijipa kazi ya kuwaletea watu wasichana wa kulea watoto. Aliwatoa mbali, akawashusha stesheni ya Nakuru kama magunia ya mahindi, na kabla msichana hajajua makaa yanawekwa wapi, mshahara wake wa kwanza ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa Odero. Msichana hakumjua mwajiri, mwajiri hakumjua msichana, na Odero aliwajua wote wawili kwa kiasi cha kumfaa yeye tu.

Wa mwisho aliyemleta alikaa wiki tatu. Asubuhi moja alimfungia mtoto ndani, akachukua blanketi na kupanda basi. Mtoto huyo, Akeyo, alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, umri wa kushika kila kitu, na alichokishika siku hiyo kilikuwa ukingo wa jiko. Kovu lilimbakia kwenye kiganja cha kushoto, limekunjamana na kung'aa. Kovu hilo litajwe mapema, ili mtu asije akasema baadaye kwamba Nabalayo aliogopa kivuli chake mwenyewe. Alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu hiyo aliiosha na kuipaka mafuta kila jioni.

Mumewe, Owino, alikuwa fayaman, mtu wa kuangalia moto wa injini ya gari la moshi. Leo alikuwa Kisumu, kesho Nairobi, na nyumbani alipita kama mgeni anayejua mahali sukari inapowekwa. Nabalayo naye alikuwa mhudumu katika wodi ya akina mama kwenye hospitali ya Waafrika. Aliipenda kazi hiyo. Ndugu za mumewe walimwambia aiache akae na mtoto wake, naye aliwasikiliza kwa heshima zote, akawapikia, akawasindikiza stesheni, na Jumatatu akarudi wodini.

Huko wodini ndiko alikomwona Nyakio.

Nyakio alikuwa mwanamke Mkikuyu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekamua ng'ombe wa watu wengine maisha yake yote. Alikuwa akimwuguza dada yake. Nabalayo alimtazama siku tisa bila kumwambia lolote zaidi ya salamu. Alitazama jinsi anavyomgeuza mgonjwa bila kumvuta, jinsi anavyopoza uji kwa kuumimina toka kikombe hiki hadi kile, jinsi anavyowajibu wagonjwa wa vitanda vya jirani wanapomwita usiku kucha kana kwamba nao ni dada zake. Siku ya kumi dada yake alifariki. Nyakio alikunja blanketi la hospitali, akalirudisha mwenyewe kwa mlinzi wa stoo, akashukuru, ndipo akatoka nje na kulia.

Mwingine angemwajiri siku hiyohiyo. Nabalayo hakutaka kubahatisha. Siku yake ya mapumziko alipanda lori lililokuwa likirudi Molo tupu baada ya kushusha viazi, akaenda hadi shamba alikowahi kufanya kazi Nyakio. Kwa mzungu hakwenda, maana barua ya mzungu Nyakio alikuwa nayo, na barua za wazungu zilisema maneno yaleyale kwa mpishi na kwa farasi. Alikwenda kwenye kibanda cha maziwa, kwenye baridi ya kukata masikio, akamkuta mkamuaji mmoja aitwaye Cheptanui, akamwuliza waziwazi kama Nyakio hupiga watoto.

"Nyakio?" Cheptanui alisema. "Watoto ya hapa walimlilia siku ameenda kuliko vile wanalilia mama zao. Yeye Mungu hakumpatia wake. Kwa hivyo alishika wa kila mtu."

Basi Nabalayo alirudi Nakuru, akamtafuta Nyakio kwa watu wa kanisa waliokuwa wamempa mahali pa kulala, akaketi naye ana kwa ana bila mtu wa kati. Alikuwa ameyafikiria masharti yake vizuri, akayasema yote kwa pumzi moja.

"Utalala kwa kitanda, si chini. Chakula tunakula ya sufuria moja. Jumapili ni yako, uende kanisa ama ulale, mimi sitauliza. Ukiwa mgonjwa utaniambia, hutaficha. Na mshahara wako hakuna mtu atakata, kwa sababu hakuna mtu amekuleta kwangu. Nimekuja mwenyewe."

Nyakio alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafikiri.

"Hiyo yote ni sawa, mama," alisema. "Mimi niko na neno moja tu. Bwana yangu anaitwa Thuo. Askari walimshika huko Molo mwaka jana. Siku wanampandisha lori nilimwambia, ukitoka, nitafute Nakuru. Sikuwa na mahali ingine ya kumwambia. Mimi na yeye tulizaliwa huku, kwa shamba ya mzungu, hatujui kwingine. Kwa hivyo sitafuti mshahara mkubwa. Natafuta nyumba moja yenye nitakaa bila kuhama, akitoka anikute."

"Atakukuta," alisema Nabalayo, na alimaanisha.

Tangu siku hiyo waliitana mama wote wawili, mmoja kwa sababu ya umri, mwingine kwa sababu ya mtoto.

Sasa kulikuwa na jambo la kitabu. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ikiwa imepamba moto, na kila Mkikuyu aliyefanya kazi upande huu wa Bonde la Ufa alitakiwa kutembea na kitabu chenye picha yake na sahihi ya mwajiri. Aliyekutwa barabarani bila kitabu alipelekwa kambini, na kutoka kambini alirudishwa kwao, hata kama huko kwao hajawahi kukanyaga. Nabalayo alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Nyakio alinyoosha mkono ili arudishiwe.

Nabalayo hakukirudisha. Alikifunga katika sanduku la bati la buluu lililokaa chini ya kitanda, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso, na leso akaibana kwa pini ndani ya nguo yake ya kazi.

Wazo hilo hakulizua yeye. Jirani yake Jelagat, mke wa Kipketer, mgeuza reli wa stesheni, ndiye aliyemwambia, tena kwa nia njema kabisa. "Shika kitabu yake," alisema Jelagat, akichambua mboga mlangoni. "Mtu bila kitabu hawezi kufika hata stesheni. Yule wako wa mwisho kama ungekuwa umeshika kitu yake, angeacha mtoto namna hiyo?" Na kweli ilikuwa desturi ya mji mzima. Wazungu waliweka karatasi za wapishi wao kwenye droo, Wahindi wakaziweka chini ya mizani ya duka. Hakuna aliyeona ajabu. Nabalayo, aliyekataa kila desturi nyingine ya kuajiri watu, hii hakuikataa, kwa sababu hii ilikuwa upande wa mtoto wake.

"Ni kukitunza tu kisipotee," alimwambia Nyakio.

Nyakio alilitazama sanduku. "Na nikienda soko?"

"Utaniambia nikupe."

"Haya, mama," alisema Nyakio. Angesema nini tena?

Ikawa hivyo. Jumamosi Nabalayo alifungua sanduku, Nyakio akaenda soko na kitabu chake, na aliporudi akakitoa kabla hata ya kutua kikapu. Jumapili alikwenda nacho kanisani, akakirudisha. Baada ya miezi miwili hakungoja tena kuombwa. Alikiweka mezani mwenyewe, karibu na taa, kama mtu anavyoweka kijiko mahali pake. Siku nyingine Nabalayo alikitazama kitabu pale mezani na kuona haya, haya ya kweli, ya kuchoma mashavu. Mara tatu alikata shauri amrudishie kabisa. Mara ya kwanza aliahirisha hadi mwisho wa mwezi. Mara ya pili alisema ngoja Owino arudi tushauriane, na Owino aliporudi alikuwa amechoka. Mara ya tatu alikwisha kukishika mkononi, Akeyo akaanza kulia na kunyoosha kile kiganja chenye kovu, na kitabu kikarudi ndani.

Lakini nyumba ilikuwa imetulia, jambo ambalo halijapata kutokea. Akeyo alinenepa. Nyakio alimfunga mgongoni akafua naye, akapika naye, akamfundisha kusema asante kabla hajajua kusema nipe. Uji wa mtoto aliupika mapema na kuutia kwenye chupa ya chai, akaificha nyuma ya mlango ili Owino asiinywe akidhani ni chai yake. Jioni alikaa kizingitini akitazama njia inayotoka mjini. Nabalayo alijua anamtazamia nani, na mara nyingine aliketi karibu naye, wakatazama pamoja.

Siku ilipofika ilikuwa Jumanne, na Nabalayo alikuwa zamu ya asubuhi. Saa tatu alisikia kelele langoni pa wodi, akageuka, akamwona Nyakio miguu mitupu, Akeyo mikononi mwake, macho ya mtoto yamepinda juu. Ilikuwa degedege. Nyakio alikuwa amekimbia naye toka landi, njia nzima, bila kuuliza wala kuulizwa kitu. Mtu anayekimbia na mtoto wa namna ile hata askari humpisha.

Daktari alikuja haraka. Waliupoza mwili wa mtoto kwa maji, wakamchoma sindano, na baada ya muda ambao Nabalayo hakuweza kuupima, Akeyo alilegea, akapumua vizuri, akalala kifuani mwa mama yake. Nguo zake zilikuwa zimelowa. Hospitali haikuwa na nguo za watoto wa wahudumu.

"Mama," Nabalayo alimwambia Nyakio, "rudi nyumbani uniletee shuka moja na zile nguo zake za sufu. Atashikwa na baridi."

Nyakio alisimama. Jasho lilikuwa bado linamtiririka shingoni. "Mama, kitabu," alisema polepole. "Iko kwa sanduku."

Nabalayo alijua iko kwa sanduku. Ufunguo ulikuwa pale kifuani, ndani ya nguo, na kichwa cha Akeyo kilikuwa kimelala juu yake. Ili autoe ilibidi amwinue mtoto aliyekuwa ndio kwanza amelala. Ilikuwa kazi ya kuhesabu hadi kumi.

"Ni hapa tu, mama," alisema. "Kimbia, hakuna mtu atakuona."

Nyakio alimtazama mtoto, akatoka.

Alifika nyumbani salama, hilo lilijulikana baadaye. Alikunja shuka, akakunja nguo za sufu, akasimama mbele ya sanduku lililofungwa kwa muda gani, hilo halikujulikana. Alikamatwa wakati wa kurudi, kwenye kona ya barabara ya stesheni, ambako askari walikuwa wamesimamisha lori na kuwapanga watu foleni mbili, wenye vitabu na wasio navyo. Jelagat alikuwa akipita na mboga zake. Ndiye aliyefika wodini na furushi, amelikumbatia.

"Amewaomba wamwache anipatie hii," alisema Jelagat. "Wamemkubalia. Nimewaambia ni yaya wa mhudumu wa hospitali, wanasema kila mtu ni yaya wa mtu. Wamempandisha lori, Mama Akeyo."

Nabalayo alimkabidhi mtoto kwa Jelagat, akakimbia. Alifungua sanduku, ufunguo ukimponyoka mara mbili, akachukua kitabu, akaenda mbio hadi kambini nje ya mji. Watu walikuwa wamejaa upande huu wa waya na upande ule. Aliita jina la Nyakio mpaka sauti ikamkauka. Askari wa langoni alimwambia ofisa ameondoka, aje kesho.

Kesho yake alikuja kabla ya jua kupanda. Askari yuleyule alikipokea kitabu, akakifungua, akaitazama picha, kisha sahihi.

"Mwajiri ni nani?"

"Ni mimi."

Alimtazama toka viatu hadi kitambaa cha kichwa. Hakucheka, na pengine afadhali angecheka. "Kitabu ni mzuri," alisema. "Kila kitu iko. Lakini hii ilikuwa kwako. Sasa yeye alikuwa anatembea na nini?"

Nabalayo aliomba kuonana na ofisa, akaambiwa angoje, akangoja hadi saa za alasiri, akaambiwa ofisa hapokei tena watu leo. Alirudi hospitali kumnyonyesha mtoto na kuomba radhi kwa kukosa zamu. Siku ya tatu alipofika, kambi ilikuwa tupu upande wa wanawake. Vijana walikuwa wakifagia. Wanawake walikuwa wamepandishwa gari la moshi alfajiri.

Owino alirudi nyumbani siku mbili baadaye, amejaa masizi na mafuta, macho mekundu. Hakuna aliyekuwa amempa habari ya lolote. Hakuomba chai. Alikaa kwenye kiti na kofia yake magotini.

"Nyakio yuko wapi?" aliuliza, lakini aliuliza kama mtu anayejua.

"Walimshika Jumanne."

"Basi alikuwa yeye," alisema Owino. "Nilitaka nisikie nimekosea." Akaendelea, huku akiikunja kofia na kuikunjua. "Alhamisi tulifungiwa mabehewa ya nyuma, yamefungwa. Hatukuambiwa ni nini, na sisi hatuulizi. Naivasha tulisimama kuchukua maji. Nikashuka kukagua magurudumu, nikasikia mtu anaita, Baba Akeyo, Baba Akeyo. Nikafikiri nimechoka. Nikasogea. Nikaona vidole tu, kwa ule mwanya wa mlango. Akaniuliza kama mtoto amepona. Mimi sikujua hata mtoto aliugua. Nikamwambia amepona, nikasema tu."

Nabalayo aliketi sakafuni.

"Akasema nikwambie uji uko kwa chupa ya chai, nyuma ya mlango, lakini wa Jumanne umwagwe, usimpe mtoto. Akasema soksi moja ya sufu imepotea, atakuwa ameiangusha pale kona. Halafu akasema kitabu chake ukitunze. Bwana yake akikuja, umpatie, kwa sababu iko na picha, na yeye hajawahi kuwa na picha yake." Owino aliinua macho. "Injini ikapiga honi, nikarudi kazini. Ni mimi nilikuwa naangalia moto, Nabalayo. Toka Nakuru mpaka Nairobi, ni mimi. Sasa niambie, kitabu gani? Kilikuwa wapi, kama hakuwa nacho?"

Nabalayo alimwambia. Owino hakumkaripia. Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango kutafuta ile chupa, akaikuta, akatoka nje akaumwaga uji uliokuwa umechacha, akaisugua chupa kwa mchanga mpaka giza likaingia.

Nabalayo hakukaa kimya, hilo lisemwe kwa haki yake. Aliandika barua kwa machifu, kwa misheni, kwa kila mahali alipoambiwa watu wa gari lile huenda walishushwa. Barua ilirudi moja. Karani wa chifu mmoja wa huko Kiambu aliandika kwamba ameuliza na hakuna familia inayomjua mwanamke huyo. Na wangemjuaje? Babu yake ndiye aliyetoka huko, zamani, yeye hajafika hata kwa matembezi. Serikali ilikuwa imemrudisha kwao, na kwao palikuwa Molo.

Yaya mwingine hakuajiri. Mama yake alikuja kutoka Bungoma akakaa nao. Sanduku la buluu liliacha kufungwa kwa ufunguo. Kitabu kilikaa juu kabisa, juu ya nguo za kanisani, ili siku kitakapotakiwa kisitafutwe.

Miaka minne ilipita. Akeyo alikuwa ameanza shule, na kovu la kiganjani lilikuwa limekuwa jembamba, karibu lifanane na mistari mingine ya mkono. Alasiri moja Nabalayo alikuwa anaanika nguo, akamwona mwanamume akija polepole kwenye safu ya nyumba, akisoma namba za milango moja moja. Alivaa koti kubwa lisilo lake, amelifunga vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Nabalayo hakuwahi kumwona mtu huyo, na alimjua mara moja.

"Hodi, mama," alisema mgeni. "Natafuta mke wangu. Anaitwa Nyakio. Nimeuliza kila mahali. Hospitali wameniambia anakaa kwa mhudumu mmoja, kwa landi hii."

Alimkaribisha ndani, akampa kiti, akatia chai. Thuo alikaa ukingoni mwa kiti, akatazama chumba chote, kitanda, jiko, mlango wa nyuma, akitafuta alama ya mtu wake. Nabalayo aliona kwamba akichelewa hata kidogo tu mtu huyu ataanza kutabasamu, kwa hiyo alimwambia. Alimwambia ni miaka minne, ni gari la moshi, ni barua alizoandika na jibu alilopata.

"Kiambu," alisema Thuo. "Kiambu hatujui mtu."

"Najua."

Alifungua sanduku, akamtolea kitabu. "Alisema nikupe."

Thuo alifuta mikono kwenye koti kabla ya kukipokea. Alifungua ukurasa wa picha, akakaa nao muda mrefu. Katika picha Nyakio alikuwa amekunja uso kidogo, jua likimpiga machoni. Thuo aliufuata ukingo wa picha kwa kidole bila kuugusa uso. Kisha akafunua kurasa nyingine. Alijua kusoma. Kambini walikuwa wamefundishana.

"Iko sahihi," alisema. "Iko mwezi, iko mwajiri. Kila kitu iko. Kwa nini walimshika?"

Kwa miaka minne Nabalayo alikuwa amelitayarishia swali hilo majibu mengi. Kwamba siku zile zilikuwa mbaya. Kwamba askari hawakuwa na huruma. Kwamba mtoto alikuwa mahututi. Yote yalikuwa kweli, na angeweza kuyasema bila kutenda dhambi.

"Hakuwa nacho," alisema. "Nilikuwa nimekifungia humu ndani ya sanduku. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Alinikumbusha, nikamwambia aende hivyohivyo."

Thuo hakuinua kichwa. "Uliogopa atatoroka."

"Ndiyo. Niliogopa atamwacha mtoto."

"Alikuambia ananingoja hapa? Nakuru?"

"Aliniambia siku ya kwanza. Ndilo jambo pekee aliloniomba."

Thuo aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepigiwa hesabu akaikubali. "Basi ulijua hawezi kutoroka," alisema.

Hakusema kwa hasira. Nabalayo angeweza kuivumilia hasira. Thuo alikifunga kitabu, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa lile koti, akarudisha kifungo, akakunywa chai yote kwa sababu alikuwa amekaribishwa. Karatasi yake ya kuachiliwa ilimtaka aripoti huko Kiambu kabla ya siku tatu kwisha. Aliaga vizuri, akashika njia ya stesheni, huku mkono mmoja ukiwa juu ya mfuko.

Akeyo alimpita njiani akitoka shule, akamwamkia, akaingia ndani na kumkuta mama yake amesimama katikati ya chumba, kikombe cha mgeni mkononi, analia bila kujificha. Aliuliza yule mzee alikuwa anamtafuta nani.

"Nyakio," alisema Nabalayo. "Nilimwahidi kwamba mumewe atamkuta hapa."